Kikohozi Kikiisha

Maskati, Alhamisi, 11 Januari 1968

Daftari hili nilikuja nalo kutoka Unguja. Lilikuwa la kuandikia michanganyiko ya dawa, na kurasa za mwanzo bado zina mwandiko wangu wa zamani, mzuri kuliko huu. Miaka mitano nilikuwa msaidizi katika chumba cha dawa hospitalini. Nilipima, nikachanganya, nikabandika karatasi kwenye chupa, na mtu akipokea dawa dirishani nilimwambia anywe vipi, na alinisikiliza. Hapa sipimi kitu isipokuwa unga.

Mume wangu Suud yuko Kuwait mwaka wa pili sasa, karani. Mimi niko na mama yake, Bi Mahfoudha, katika nyumba ya vyumba viwili na ua, ndani ya ukuta wa mji. Yeye hasemi sana. Mimi nasema sana, na Kiarabu changu wanawake wa mtaa huu wanakichekea kwenye shela zao. Kwa hivyo nimeona niandike.

Jumapili, 14 Januari

Bi Mahfoudha anakohoa tangu Idi. Leo nimemshika mkono nikamwambia tunakwenda hospitali, apende asipende. Marhoon, binamu yake Suud, alitupakia kwenye gari la kukodi mpaka Matrah, mji wa jirani. Daktari ni mgeni na Kiarabu chake ni cha kujifunza ukubwani kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Alimpima mgongo, akamwuliza kama ana vidonda vya tumbo, kama shingo imewahi kuvimba, kama anatumia dawa nyingine yoyote. Kote hapana. Akasema njia za pumzi zimejaa makohozi yaliyoganda. Tumerudi na chupa kubwa.

Jumatatu, 15 Januari

Naiandika hapa kama nilivyokuwa nikiwaambia watu dirishani, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Dawa ni maji ya kahawia, ya chumvichumvi, na ukishaimeza ulimi hubaki na ladha ya chuma. Vijiko viwili vya chai mara tatu kwa siku, baada ya chakula, kwa kuwa tumbo tupu litachafuka. Chupa itikiswe kwanza. Juu yake anywe gilasi nzima ya maji ya uvuguvugu, na maji mengine mchana kutwa, kwani dawa bila maji haina cha kulegezea. Dozi ya mwisho iwe mapema jioni, asiimeze halafu akajilaza. Akitoka upele, au tumbo likimsokota, au akitema damu, tunaacha na kurudi kwa daktari.

Kubwa zaidi ni hili. Dawa hii haiondoi kikohozi. Inayafanya makohozi yawe mepesi, na kuyatoa ni kazi ya kifua chenyewe. Mgonjwa lazima akohoe na ateme. Asipewe kabisa dawa ya kuzuia kikohozi wakati huohuo, kwa sababu makohozi yatalegea na yatakosa pa kutokea, yabaki ndani. Nilimweleza Bi Mahfoudha hayo yote. Aliniachia nimalize, kisha akasema, "Nshasikia, mwanangu. Wewe unasema mpaka chupa inachoka."

Nimempa kikombe cha bati chenye kifuniko cha kutemea. Alikishika kwa vidole viwili.

Jumatano, 17 Januari

Anatema. Makohozi mazito, ya manjano. Namgonga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, akiwa ameinamia mto.

Jumamosi, 20 Januari

Wageni saba leo, wamekuja kumtazama mgonjwa. Masouda wa nyumba ya pili ndiye aliyewaleta. Masouda naye katoka Unguja, mumewe ana duka la vitambaa Matrah, na hakuna habari ya mtaa huu isiyopita kinywani mwake. Anajua Kiarabu cha hapa vizuri, kwa hiyo anacheka nao, na mimi napika kahawa.

Nilikuwa mlangoni na birika nilipomwona Bi Mahfoudha amebanwa. Kikohozi kilikuwa kimempanda, machozi yanamtoka, naye kafunga midomo na leso, anameza. Ninyi mngefanya nini? Nilitua birika nikachukua kikombe.

"Mama, usimeze! Tema! Haya, tema hapa."

Nikamwekea kikombe chini ya kidevu mbele ya wanawake saba wenye udi na halwa. Mmoja alisema neno na wenzake wakaangalia mkeka. Bi Mahfoudha alikisogeza kile kikombe pole pole kwa mgongo wa mkono.

"Nasriya, wape wageni kahawa," akasema.

Walipoondoka ndipo akaniambia, bila kunitazama. "Mie nimewahi kukaa na wake wa mabwana, nikaumwa mbele yao na wasijue. Mie si wa kushikiwa kikombe."

Nilimwambia kifua hakijui nani mke wa bwana. Nilikuwa na haki, na bado naona nina haki.

Jumanne, 23 Januari

Upepo wa shamali na vumbi. Vumbi kwenye chai, vumbi kwenye mswala. Hakusema neno na mimi tangu asubuhi mpaka magharibi ila "maji" na "basi".

Alhamisi, 1 Februari

Marhoon ameleta barua ya Suud. Ruhusa ya mimi kutoka nchini imepatikana! Mwaka na miezi minne tumeiomba. Ni ya mtu mmoja, na ni ya meli ya tarehe ishirini na saba mwezi huu. Nisipopanda hiyo imekufa, na ya kuomba upya hakuna anayejua itachukua muda gani. Mama yake hakuombewa, kwa sababu tulipoteremka hapa aliapa kwamba hatapanda meli tena maisha yake. Marhoon na mkewe wamesema watamchukua akae nao.

Nimesoma barua mara sita. Suud ameandika kwamba amepata chumba chenye dirisha la barabarani na kwamba anakula peke yake mezani. Na mimi nakula peke yangu, Suud. Bi Mahfoudha hula chumbani kwake.

Jumamosi, 3 Februari

Aliniuliza mwenyewe, nikiwa nampimia dawa ya mchana.

"Suud kaandika nini?"

"Ananita, mama. Ruhusa imetoka."

"Basi nenda."

"Ntakwendaje nawe una kifua hicho? Kwa mke wa Marhoon nani atakugonga mgongo? Ntakwenda kikohozi kikiisha."

Aliuliza meli ni lini, nikamwambia, akazisogeza punje za tasbihi yake moja moja, akihesabu siku. Akanywa dawa na maji yote bila kubishana.

Nakiri kwamba nilisema vile nusu kwa wema na nusu nionekane mwema. Natamani kuondoka hata nakunja nguo kabla hazijakauka.

Jumatano, 7 Februari

Leo amekohoa mara tatu tu mchana kutwa. Nimehesabu.

Masouda alikuja na kisahani cha halwa, akakaa naye chumbani, mlango umerudishwa. Wana siri gani wale? Bila shaka ananisema mimi, jinsi ninavyokimbilia Kuwait.

Jumamosi, 10 Februari

Kikombe kikavu tangu asubuhi, na hakuna kikohozi. Dawa imefanya kazi, na aliyeitoa kwa kipimo na kwa saa zake ni mimi. Ningekuwa Unguja ningemwita mwenzangu wa chumba cha dawa aje amtazame. Hapa nimejisifu mwenyewe jikoni.

Jumanne, 13 Februari

Nimetoa sanduku. Bi Mahfoudha aliketi kizingitini akinitazama ninavyopanga, akanipa kanga mbili mpya ambazo sikujua anazo. "Hizi za siku Suud atakapokuja kukupokea bandarini. Usishuke na nguo ya vumbi."

Nikamwuliza kifua. Akasema kimesafika. Nilitaka kuweka sikio mgongoni kama kawaida, lakini alikuwa ameshajitanda na sikumsumbua. Nitakapofika Kuwait nitazungumza mpaka Suud aniombe nipumzike.

Ijumaa, 16 Februari

Vumbi tena. Kikombe kikavu. Analala sana mchana. Wazee hulala.

Jumatatu, 19 Februari

Mvua, ya kwanza tangu mwaka jana, na maji ya bonde yameshuka na matope mpaka karibu na lango. Paa linavuja juu ya sanduku langu. Bi Mahfoudha hakula. Nilipomwamsha kwa dawa alinywa huku amefumba macho, na kinywa chake kilinuka utamu. Nikadhani halwa ya Masouda.

Siku nane zimebaki.

Jumatano, 21 Februari

Naandika nikiwa hospitali Matrah, ukumbini, karatasi iko juu ya goti.

Adhuhuri nilimpelekea chakula. Alikuwa amekaa, mgongo ukutani, kichwa kimelala begani. Nikamwita. Akafungua macho kidogo akayafunga. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu inayokwenda kwenye buluu, na kucha vilevile, na pumzi ilikuwa inatokota ndani kama maji ya wali. Lakini hakukohoa hata mara moja. Mtu aliyejaa vile alitakiwa awe anakohoa mpaka anararua kifua.

Nilimwinamisha mbele, nikamgonga mgongo, nikampigia kelele akohoe. "Kohoa, mama! Nakuomba, kohoa!" Hakuwa na nguvu, au hakuwa na haja. Nilitoka uani bila shela nikamwita Masouda kwa Kiswahili kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, naye akamtuma mumewe kwa Marhoon. Njia ya mlimani nilimshika akiwa amekaa wima, maana nilijua nikimlaza atazama.

Daktari alimwingiza mara moja. Wakamtia mpira kooni wakamvuta makohozi, wakamwekea hewa, wakampiga sindano ya penisilini. Kisha akanijia.

"Anatumia dawa gani nyingine?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye ninayempa dawa," nikamwambia. "Nilikuwa mtu wa dawa. Haipiti dawa mdomoni mwake ila kwa mkono wangu."

Masouda alikuwa nyuma yangu. Akatoa chupa kwenye mkoba wake, chupa ndogo, dawa nyekundu tamu, ya kulaza kikohozi. Naijua. Imetiwa kitu cha jamii ya afyuni, na kazi yake ni kukisahaulisha kifua kukohoa. Ilikuwa imebaki robo.

Daktari aliitazama, akanitazama mimi. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Alhamisi, 22 Februari

Yu hai. Wanamvuta makohozi kila saa chache. Hajazungumza.

Nilimshukia Masouda pale pale ukumbini. Nilimwita mwuaji. Nilimwambia kwamba kila mwanamke mwenye ulimi mrefu hujifanya tabibu, na kwamba alinionea kijicho kwa sababu mimi naondoka na yeye anabaki. Aliniachia niseme mpaka pumzi ikaniisha. Kisha akakaa chini, kwenye saruji, na shela yake ya hariri.

"Aliniapisha, Nasriya. Aliniambia nimletee dawa ya kukilaza kikohozi, na nisikwambie. Nikamwambia, shoga yangu, si una dawa ya mkweo? Akasema ile inakohoza, na yeye hataki kukohoa."

"Ni haya zake za wageni!" nikasema. "Haya tu!"

"Wageni gani? Nani kaja tangu siku ile ya kikombe? Mie peke yangu." Akajifuta macho. "Kaniambia, 'Mke wa mwanangu kasema hendi mpaka kikohozi kiishe. Basi nataka kiishe.'"

Nilidhani Masouda huja kumpelekea umbea. Kumbe katika mtaa mzima wa watu wanaotuletea halwa na wanaojua habari zetu, yeye ndiye pekee aliyeombwa na Bi Mahfoudha jambo akalifanya. Hatari ya chupa ile hakuijua. Nani angemwambia? Ile hotuba yangu yote ya vijiko na maji na nini kisichanganywe na nini niliitoa mara moja, kwa mtu mmoja, halafu nikaiandika daftarini.

Na huyo mtu mmoja alinisikia. Hilo ndilo ninalolizunguka tangu jana. Nilimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba dawa hizi mbili hazikutani, na kwa nini. Alijua. Au alijua nusu, akaona siku ishirini si nyingi, nikishapanda meli ataacha.

Sasa makosa yangu. Kifua cha mzee kilichojaa makohozi mazito hakikauki ghafla siku tatu baada ya kutema kikombe kizima. Makohozi hupungua, hubadilika rangi, huwa mepesi, ndipo huisha. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kuuliza: yamekwenda wapi? Siku kumi na moja nilifungua kifuniko, nikaona kikavu, nikakisuuza kwa mazoea, nikakirudisha. Sikuweka sikio mgongoni. Nilimwona analala sana nikasema wazee hulala. Nilinusa utamu nikasema halwa. Sikutaka kujua, kwa sababu kimya kile kilikuwa ruhusa yangu ya pili, na niliipenda kuliko nilivyompenda yeye.

Ijumaa, 23 Februari

Yu hai.

Jumapili, 25 Februari

Amefungua macho akaomba maji. Nilimnywesha kwa kijiko. Sauti yake ni nyembamba.

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Zimebaki siku mbili. Umeshafunga sanduku?"

"Mama, kwa nini umefanya hivi?"

"Nimefanya nini? Nimekunywa dawa." Alipumzika kidogo. "Nilikuwa nakusikia jikoni unazungumza na sufuria. Mwanamke mwenye mume hazungumzi na sufuria. Nikasema, huyu akikaa hapa na mie atakuwa mwendawazimu."

Nikamwambia kwamba ningekwenda akapatwa na jambo hili akiwa kwa mke wa Marhoon, angekufa.

"Ningekufa wewe ukiwa Kuwait," akasema. "Hungeniona."

Nikalia hapo kitandani, kwa sauti, bila haya ya wagonjwa wengine. Ananijua kuliko nilivyodhani mtu yeyote katika mji huu ananijua, na miaka mitatu tumekula vyumba mbalimbali.

Kisha akakohoa, kikohozi kibovu cha kubomoa. Akaniangalia kama anayeuliza. Nikamsogezea beseni, akatema mbele yangu, na mbele ya mwanamke wa kitanda cha pili, na mbele ya mume wa mwanamke huyo.

Jumatatu, 26 Februari

Marhoon alikuja. Anasema daktari keshampa Bi Mahfoudha wiki mbili nyingine hapa, wauguzi wapo, mkewe atakuja kila siku, na mimi nikapande meli. Anasema kwa wema. Nikamwambia siendi. Akaniuliza kama najua ninachokiacha. Najua. Ni chumba chenye dirisha la barabarani.

Masouda amejifunza kugonga mgongo. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu, nami nimemwambia hivyo. Nimemweleza pia habari ya dawa mbili, mara tatu, na nikamwambia awaeleze wanawake wote anaowajua kwa Kiarabu chake. Kwa kinywa kile, kufikia Ijumaa Maskati yote itajua.

Jumanne, 27 Februari

Meli ilipiga honi saa nne, na huku Matrah inasikika vizuri.

"Ile ndiyo?" Bi Mahfoudha akauliza.

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa."

"Nimekaa, mama."

Akageuzia uso ukutani. "Basi nimeumwa bure," akasema.

Jumatano, 28 Februari

Chumvichumvi tena, vijiko viwili, baada ya chakula. Daktari ameirudisha leo, na ile nyekundu imemwagwa.

Alhamisi, 29 Februari

Leo alitaka kuandika barua kwa Suud. Yeye husoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, ila mkono bado unamtetemeka, na herufi zangu za kizungu hazijui. Akakaa wima kwa mito mitatu na kuniambia niandike kila neno kama atakavyolisema.

"Andika: mwanangu Suud, mkeo alikuwa keshafunga sanduku. Mie ndiye niliyemkatalia. Nimelia, nimemshika nguo, nimemwambia akiondoka simpi radhi yangu. Kwa hivyo usimlaumu. Nilaumu mie."

"Mama, si kweli hayo."

"Andika. Mtu na mamake watapatana tu. Mume akikasirika yuko mbali, si jambo dogo. Andika."

Nikainama nikaandika. Niliandika hivi: Suud, mama yako alikinyamazisha kifua chake kwa dawa ili mimi nije kwako, na karibu afe. Mimi ni mtu wa dawa na nilisikia kimya kile siku kumi na moja. Nilifurahi, na sikumwuliza. Ruhusa imekufa. Ukiweza kuomba nyingine, omba ya watu wawili, na nitambembeleza apande meli. Ukishindwa, njoo wewe. Ukikasirika, kasirika na mimi.

"Nisomee," akasema.

Nikashika karatasi usawa wa macho nikamsomea maneno yake mwenyewe: mkeo alikuwa keshafunga sanduku, mie ndiye niliyemkatalia, nimelia, nimemshika nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema nina mwandiko mzuri.

Marhoon alikuja kuichukua saa tisa.